Mto Ukikaa Juu Muda Mrefu: Niliyojifunza Nikilinda Tuta

Maji ya mto yanapopanda, sisi tunaoishi nyuma ya tuta, yaani ukuta wa udongo uliojengwa kando ya mto, huulizana swali moja: yatapita juu au hayatapita? Majuma ya mwanzo nililala na kuamka na swali hilo. Baada ya msimu mzima wa kulinda tuta pamoja na majirani, mchana na usiku, nina swali jingine ambalo naliona ni zito zaidi: maji yatakaa hapo kwa muda gani? Tuta linaweza kuzuia maji ya kina fulani kwa siku chache bila kutikisika, kisha likakatika kwa kina hichohicho baada ya majuma kadhaa, na mto haujaongezeka hata kidogo.

Sababu iko kwenye udongo wenyewe. Tuta ni udongo ulioshindiliwa, na udongo wowote, hata wa mfinyanzi, una vitundu vinavyopitisha maji. Mto ukipanda na kushuka haraka, maji hupenya kidogo upande wa mtoni kisha hurudi yalikotoka. Mto ukikaa juu, unyevu husogea polepole ndani ya tuta kuelekea nchi kavu. Siku hadi siku sehemu iliyolowa hupanda, mpaka maji yanatokeza kwenye ubavu wa nyuma. Maji yaliyojaa kwenye vitundu yana shinikizo, na shinikizo hilo huzisukuma chembe za udongo zisishikane. Tuta lililolowa hivyo linaonekana vilevile kama jana, lakini nguvu zake zimepungua. Na shinikizo la maji linategemea kina, halitegemei upana wa mto. Kama uso wa mto umelizidi shamba lako kwa mita 4, msukumo chini ya tuta ni uleule kwa mto mpana na kwa mfereji mwembamba. Mto mkubwa unazidi kwa jambo moja: unaweza kubaki juu miezi.

Wakati wa zamu zangu za usiku, katika saa za kupumzika, nilisoma habari za mito mingine ili nielewe yanayotupata. Mwaka 1993, mito ya Mississippi na Missouri nchini Marekani ilikaa juu karibu kiangazi chote, na matuta zaidi ya 1,000 yalikatika au kupitwa na maji. Mwaka 1998, mto Yangtze wa China ulileta vilele vya mafuriko kimoja baada ya kingine, vinane kwa jumla, na tuta la Jiujiang likakatika Agosti 7, wakati watu walikuwa wamelilinda kwa muda mrefu. Mwaka 2019, Mississippi pale Baton Rouge ilikaa juu ya kiwango cha mafuriko kwa zaidi ya siku 200. Habari hizo hazikunitia hofu zaidi ya ile niliyokuwa nayo. Zilinisaidia kuacha kuhesabu siku nikingoja mto ushuke kesho, nikaanza kupanga nguvu zangu kama mtu mwenye safari ndefu.

Majuma ya kwanza sote tulikuwa tunasimama kwenye mgongo wa tuta tukiutazama mto. Ni jambo la kawaida kabisa. Maji mengi namna ile yana mvuto, na kila gogo linalopita linakupa hisia kwamba unafanya kazi ya ulinzi. Aliyetugeuza ni mzee mmoja aliyewahi kulinda tuta hilohilo enzi za ujana wake. Alinishika bega, akanigeuza nikaangalia mashamba. "Mwanangu, mto unauona hata ukiwa umelala," akaniambia. "Lakini huku nyuma usipopaangalia wewe, hapana mtu atakayekuonyesha."

Tangu siku hiyo zamu zetu zilibadilika. Watu wawili au watatu walitembea pamoja kwa mistari tofauti: mmoja juu ya mgongo, mmoja katikati ya ubavu wa nyuma, mmoja chini kabisa, pale tuta linapokutana na ardhi. Na huyo wa chini hakuishia hapo. Alikwenda mpaka ndani ya mashamba, akachungulia mitaro, visima vya zamani, mashimo ya kuchimbia udongo, na kila mahali palipo chini kuliko pengine. Maji yanayopita chini ya tuta hutafuta sehemu ambayo tabaka la juu la udongo ni jembamba, na mara nyingi sehemu hiyo iko mbali kidogo na tuta lenyewe.

Nitaeleza tulichokuwa tunakitafuta, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huenda bila mwongozo. Nyasi zilizo mbichi kupita za jirani zake. Ardhi inayobonyea unapokanyaga wakati jana ilikuwa ngumu. Ufa juu ya mgongo unaokwenda sambamba na mto, kwa maana huo unaweza kuwa mwanzo wa ubavu kuporomoka. Sehemu ya mgongo iliyotitia. Uvimbe chini ya ubavu, ambao ni alama ya kwamba udongo wa juu umeanza kuteremka. Mahali ambapo bomba au kalvati inapita ndani ya tuta, kwa sababu maji hupenda kufuata ukuta wa bomba, na mlango wake wa kuzuia maji yasirudi ukikwamishwa na kijiti tu, mto unaingia ndani kwa njia ambayo hukuitilia shaka. Mashimo ya panya, fuko na nungunungu. Njia za mchwa. Miti: mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oka na kipande cha tuta kwenye mizizi yake, na mizizi iliyooza ya mti uliokatwa zamani huacha mirija ndani ya udongo.

Juu ya yote hayo, rangi ya maji. Kama kuna jambo moja ningependa likae kichwani mwa kila anayelinda tuta, basi ni hili. Maji yanayovuja yakiwa maangavu yanapaswa kuwekewa alama na kuangaliwa. Maji yanayovuja yakiwa na tope au mchanga yanapaswa kushughulikiwa wakati huohuo, hata kama ni madogo kuliko yanayotoka kwenye bomba la bustani. Maji maangavu yanapita tu. Maji yenye tope yanahama na tuta lako, chembe kwa chembe, na kuacha tundu linalorefuka kuelekea mtoni.

Tulikuwa tunabeba vijiti vyenye vitambaa. Tukikuta unyevu, tulichomeka kijiti ukingoni mwake na kuandika siku na saa. Zamu iliyofuata iliona mara moja kama unyevu umevuka kijiti. Bila alama hizo, kila zamu ilikuwa inabishana na iliyopita: palikuwa hivi jana au hapakuwa? Kumbukumbu ya mtu aliyekosa usingizi haitoshi. Vilevile tulipigilia vigingi vyenye namba kila baada ya mita 100, ili mtu akipiga simu usiku aseme "katikati ya 14 na 15, chini ya ubavu" badala ya "pale karibu na ule mti". Kabla ya vigingi, kundi la wasaidizi liliwahi kukimbia na viroba vya mchanga hadi mti mwingine kabisa.

Sasa nieleze usiku wa chemchemi ya mchanga, kwa kuwa usiku huo ulitufundisha kuliko mikutano yote.

Kijana mmoja aliyekuwa kwenye mstari wa chini alisikia mtaroni sauti ya maji yanayochemka. Alipomulika tochi aliona maji yakibubujika kutoka ardhini, na kuuzunguka mdomo wake kilima kidogo cha mchanga mwembamba, chenye umbo la mlima wa volkano. Alipuliza filimbi. Watu walifika na viroba, na wa kwanza kufika akainua kiroba chake ili akitupe juu ya tundu, alizibe. Ndivyo ambavyo mtu yeyote angefanya. Mzee alipaza sauti kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia: "Usizibe! Usizibe!"

Ukiziba tundu la namna hiyo, shinikizo lililoko chini haliendi popote. Litatafuta mahali pengine pa kutokea, pengine mita chache kando, pengine chini ya tuta lenyewe, ambako hutaliona. Kinachotakiwa ni kupunguza mwendo wa maji mpaka yasiweze kubeba mchanga, huku yakiendelea kutoka. Kwa hiyo tulijenga duara la viroba kuzunguka chemchemi, tukiacha nafasi ya kutosha ili tusikanyage udongo uliolegea karibu na mdomo wake. Duara likapanda safu kwa safu, na maji yakajaa ndani yake. Maji hayo yaliyojaa ndiyo yanayosukuma kurudi chini na kupunguza tofauti kati ya uso wa mto na mahali maji yanapotokea. Tulipanda mpaka maji ndani ya duara yakaanza kuwa maangavu, tukaacha mwanya mdogo wa kumwagia ya ziada, na tukasimama hapo. Tamaa ya kuendelea kupandisha duara mpaka maji yakome kabisa ni kubwa mno. Ilibidi tuambizane kwa sauti: yakiwa maangavu, inatosha.

Kulipopambazuka tulikuta chemchemi nyingine mbili ndogo jirani na ile. Tukazizungushia. Hatukuweza kulala kabla ya jua kupanda, na wengine wetu mikono ilikuwa imechubuka hadi damu kwa sababu ya kamba za viroba. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akijaza mchanga tangu usiku wa manane aliketi chini na kulia, si kwa huzuni, ni mwili tu uliokuwa umefika mwisho. Tulimwacha alie. Hakuna aliyeona ajabu.

Kuhusu viroba vyenyewe, kuna mambo ambayo yangetuokolea nguvu nyingi kama tungeyajua mapema. Kiroba hujazwa nusu au theluthi mbili tu, hakijazwi hadi juu. Kilichojaa kabisa kinakuwa kigumu, kinaacha mianya kati yake na mwenzake, na uzito wake unamwumiza mgongo yule anayekibeba. Si lazima kufunga mdomo. Ukiukunja chini ya kiroba na kukikanyaga kikae bapa, kinashika vizuri zaidi. Viroba hupangwa kama matofali, kila kimoja kikikalia kiungo cha viwili vya chini, na msingi wa ukuta unapaswa kuwa mpana mara tatu ya kimo chake. Watu wanapoogopa hupenda kujenga kwenda juu, na ukuta mwembamba wa viroba huanguka wenyewe. Lingine ni mahali pa kuchota mchanga. Usichimbe udongo chini ya tuta wala karibu yake ili kujaza viroba. Utakuwa umelipunguza lile tabaka linalokukinga na chemchemi. Hilo liliwahi kufanyika kwenye sehemu jirani na yetu, kwa nia njema kabisa.

Tuta lililolowa halipendi uzito wala mtikisiko. Malori yaliyokuwa yanaleta mchanga yalipita juu ya mgongo mpaka magurudumu yakachimba mifereji, na mvua ikajaa ndani ya mifereji hiyo. Tulipoweka kizuizi, wapo waliokasirika kwa sababu walilazimika kubeba viroba kwa mikono umbali mrefu. Hasira zao nilizielewa. Kizuizi kilibaki.

Upande wa mtoni nao una mahitaji yake, hasa siku za upepo. Mto uliotanda unakuwa mpana kama ziwa, na mawimbi yanayopiga mahali pamoja usiku kucha hula udongo. Tulitandaza maturubai kwenye ubavu wa mtoni, tukayakandamiza kwa viroba juu na chini, yale ya chini tukiyashusha kwa kamba. Kila anayefanya kazi hiyo lazima afungwe kamba kiunoni, na mwenzake aishike. Tusiwe na haya kulisisitiza hilo, kwa maana aliye mchovu huona kamba ni usumbufu.

Uchovu ndio ulionishangaza kuliko maji. Siku za mwanzo watu walikuja wengi, na kila mmoja alitaka kukaa zamu mbili mfululizo. Majuma yalipopita, idadi ikashuka. Waliobaki wakaanza kuwasema vibaya walioacha. Nami nilikuwa na uchungu huo. Kisha nikagundua kwamba mmoja wa walioacha alikuwa anamhudumia mama yake asiyeweza kutembea, na mwingine alikuwa amehamisha familia na mifugo kwenda nyanda za juu akawa anatembea njia hiyo kila siku. Mafuriko marefu hayana umbo la dharura ambayo watu huinuka pamoja, wakaimaliza na kurudi nyumbani. Ni lazima zamu ziwe fupi tangu siku ya kwanza, wakati bado kila mtu ana nguvu na anajiona anaweza zaidi. Ni lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuwarudisha watu nyumbani wakalale. Uholanzi wana utaratibu wa muda mrefu wa walinzi wa matuta wanaojitolea, wanaofundishwa na kufanya mazoezi wakati mto uko chini, kila mmoja akijua kipande chake. Nilipousoma nilitamani tungekuwa nao miaka yote iliyopita.

Kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: hata tuta likishikilia, bado unaweza kupoteza mavuno yako. Mvua inayonyesha upande wa ndani haina pa kwenda, kwa sababu milango ya kutolea maji imefungwa ili mto usiingie. Jumlisha maji yanayopenya chini ya tuta, na mashamba yanakuwa bwawa. Pampu zilifanya kazi bila kupumzika, na pale zilipoharibika maji yalipanda kwa saa chache tu. Mazao ya bondeni yalioza yakiwa yamesimama. Kwa hiyo wale waliotuambia "mna bahati, tuta lenu halikukatika" walisema kweli, lakini msimu huo hatukuvuna. Visima pia vilichafuka. Maji ya mafuriko na ya mivujo huchanganyika na ya vyoo, na tulilazimika kuchemsha kila tone la kunywa kwa muda mrefu hata baada ya mto kushuka.

Kisha ikaja siku ambayo mpaka leo sijui niielezeje kwa wepesi. Kipimo cha kina cha maji kilianza kushuka ghafla mchana mmoja, bila sababu ya hali ya hewa. Watu walishangilia, wapo waliokumbatiana. Nusu saa baadaye simu zikaanza kulia: tuta la ng'ambo, juu kidogo ya kwetu, lilikuwa limekatika. Maji yaliyotupungukia sisi yalikuwa yanaingia kwenye nyumba za watu tunaowafahamu. Wengine walikuwa na dada na wajomba upande ule. Kelele zote zikakatika.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Tuta haliondoi maji, linayapeleka kwingine. Kila tunapoongeza safu ya viroba juu ya tuta letu, tunamwongezea jirani wa ng'ambo na wa chini ya mto. Mwaka 1927, Mississippi ilipofurika na tuta la Mounds Landing kukatika Aprili 21, waliokuwa na sauti katika jiji la New Orleans walipata kibali cha kulipua tuta la Caernarvon ili jiji lipone. Maji yakaenda kwa watu wa parokia (kule ni kama wilaya) za St. Bernard na Plaquemines, ambao wengi wao hawakulipwa fidia ya maana. Matuta ya juu ya mto yalikuwa tayari yamekatika na kupunguza maji, kwa hiyo ulipuaji ule haukuwa wa lazima. Mwaka 2011, jeshi la uhandisi la Marekani lililipua tuta la Birds Point usiku wa Mei 2, na zaidi ya hekta 50,000 za mashamba zikafunikwa na maji ili mji wa Cairo, ule wa jimbo la Illinois, na mingine isizame. Tofauti ni kwamba eneo hilo lilikuwa limetengwa kwa kazi hiyo kisheria tangu baada ya mafuriko ya 1927, na watu walihamishwa kwanza. Sisemi kwamba haikuwauma. Lakini uamuzi wa nani apokee maji, ukifanywa miaka mingi kabla, mbele ya wote, ni tofauti sana na uamuzi unaofanywa na mto usiku wa giza, au na wenye nguvu.

Jioni ile tuligawana. Nusu yetu walibaki kwenye tuta na nusu wakaenda na mitumbwi ng'ambo. Waliotoka kule walitueleza kitu ambacho kila anayeishi nyuma ya tuta anapaswa kukifahamu: tuta likikatika, maji hayapandi polepole kama yanavyopanda mtoni. Karibu na pengo yanakuja kwa kishindo kinachong'oa nyumba na kuchimba shimo refu. Walio mbali zaidi wanapata muda, na muda huo huliwa na kutafuta vyeti, dawa na watoto. Familia zilizotoka salama ni zile zilizokuwa zimeamua mapema alama yao ya kuondoka. Kwa mfano: tukisikia chemchemi yenye tope kwenye kipande chetu, wazee na watoto wanaondoka usiku huohuo, hakuna mjadala. Vyeti viko kwenye mfuko usiopitisha maji karibu na mlango. Mifugo imepandishwa juu kabla. Anayengoja kuona maji kwa macho yake amechelewa.

Mto ulipoanza kushuka kweli, kila mtu alitaka kwenda kulala. Hapo ndipo tulipopata pigo letu kubwa. Ubavu wa mtoni wa tuta ulikuwa umelowa kwa muda wote ule, na maji ya mto ndiyo yaliyokuwa yakiuegemea na kuushikilia. Mto uliposhuka haraka, egemeo likaondoka, huku maji yaliyo ndani ya udongo hayajapata muda wa kutoka. Kipande kirefu cha ubavu kikaporomoka kuelekea mtoni, na mgongo wa tuta ukabaki mwembamba kiasi cha kutisha. Bahati ni kwamba zamu ilikuwepo. Kama mvua za juu ya mto zingerudi juma lile, tuta lingekatika hapo. Kwa hiyo msivunje zamu kwa sababu kipimo kinashuka. Endeleeni mpaka mto uwe umerudi ndani ya kingo zake na tuta limeanza kukauka, na mwangalie upande wa mtoni kuliko mlivyouangalia kabla.

Baada ya hapo ni kazi ya kuandika. Tulizunguka na daftari vijiti vikiwa bado vimesimama, tukachora kila mvujo, kila chemchemi, kila ufa, na kupiga picha. Chemchemi ya mchanga iliyojitokeza msimu huu ina uwezekano mkubwa wa kujitokeza palepale msimu ujao, tena kwa kina cha chini zaidi, kwa sababu njia ya chini ya ardhi imeshafunguka. Viroba vya duara havirekebishi kitu hicho. Panahitaji wataalamu na kazi ya kudumu, kama vile kuongeza tabaka zito la udongo nyuma ya tuta au visima vya kupunguza shinikizo. Ofisi tuliyopeleka orodha yetu kwanza ilitujibu kwamba tuta lilifaulu, kwa kuwa halikukatika. Tulirudi na picha. Kama tusingekuwa na daftari lenye tarehe na namba za vigingi, tungekuwa na maneno matupu tu.

Watu wengi pia waliniambia kwamba sasa tumepumzika, maana yalikuwa mafuriko ya miaka 100. Usemi huo unapotosha. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na hesabu hiyo inaanza upya kila mwaka. Katika miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni karibu asilimia 26. Aliyejenga nyumba nyuma ya tuta akiwa kijana ana haki ya kujua hivyo.

Kiangazi nacho kina kazi zake. Tunatembea tuta tukitafuta nyufa za ukavu, tunafukia mashimo ya wanyama, tunakata nyasi ziwe fupi ili macho yaone udongo, tunafungua na kufunga kila mlango wa kalvati kuhakikisha haujakwama. Usidhani ukame hauna hatari: Agosti 2003, tuta la Wilnis nchini Uholanzi, lililojengwa kwa udongo wa mboji, lilikauka likawa jepesi, likasukumwa na maji ya mfereji uliokuwa kwenye kina chake cha kawaida, likahama.

Uholanzi hiyohiyo ndiyo iliyonipa wazo ninalolisukuma sasa. Mwaka 1995 walihamisha watu wapatao 250,000 kwa kuhofia matuta yaliyolowa, na matuta hayakukatika. Hawakuridhika na hilo. Walianza mpango wa kuupa mto nafasi, wakisogeza matuta nyuma mahali pengi na kushusha nyanda za kando, ili maji yakija yatande badala ya kupanda. Kwetu kuna kona ambapo tuta liko karibu mno na mto, na ndipo penye chemchemi zote tatu na ule mporomoko. Nimependekeza tuta lisogezwe nyuma pale. Ardhi itakayoachwa nje ya tuta ina wenyewe, na mmoja wao alifanya kazi nami zamu nyingi. Amenikatalia waziwazi, na sababu zake si za kipuuzi: anauliza nani atamlipa, lini, na atalima wapi. Tumekubaliana twende pamoja kwenye ofisi ya mto na maswali yake yakiwa ya kwanza kwenye orodha, kabla ya ramani yangu.